Mgeni Mwenye Vifungo vya Kochi

Tarehe 6 Machi

Mdogo wangu Sponji,

Salamu ulizompa yule dereva wa lori zilitufikia, pamoja na kitambaa cha Mama. Mama ameshakishonea mto na hataki mtu yeyote auegemee. Magoti yake yanamsumbua asubuhi, ikifika mchana yanamsahau. Shemeji yako yupo, bado anagombana na paa la jikoni. Mpwa wako ameng'oka jino la mbele na sasa anazungumza kama mtu anayepuliza moto. Mimi nipo palepale ofisini kwa mwalimu mkuu, napiga chapa barua za kuwaita wazazi ambao hawaji.

Wewe tangu Novemba hujaniandikia hata mstari. Salamu za mdomo si barua. Lakini nimekuona, kwa hiyo najua u hai.

"Walioshuka na Moto" imefika mjini kwetu. Kabla haijafika tuliishi na matangazo yake miezi miwili. Walibandika bango hata kwenye ukuta wa zahanati, juu ya lile linalotuambia tunawe mikono: "Hujawahi kuona. Hutaona tena." Gari lenye spika likapita mitaani likisema watu wenye moyo dhaifu waje na ndugu. Nikaenda na shemeji yako, na aliyehitaji ndugu alikuwa yeye, maana alilala chombo kilipotua na kuamka dunia ilipokwisha kuokolewa.

Nisikufiche, nimecheka pasipotakiwa kuchekwa. Chombo chenu kilichosafiri miaka elfu angani ni matangi mawili ya maji yaliyounganishwa, na lile la nyuma bado lina tundu la koki. Ile mitambo ya kukiongozea ni swichi za taa za ukutani, na katikati kuna ile ya kuongezea mwendo wa feni. Nahodha akiizungusha, nyota zinakimbia. Sayari yenyewe ni machimbo ya kokoto. Hilo nalisamehe. Lakini mbona Profesa anasema hapa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi, na mbuzi anapita nyuma yake? Tena mbuzi alisimama akamsikiliza. Na kwa nini Profesa anaeleza kila jambo mara mbili? Msaidizi wake ana kazi moja tu, kuuliza, "Una maana gani, Profesa?" Mwishoni ukumbi mzima ulikuwa unamsaidia kuuliza. Steringi, shujaa wao, amelipukiwa na mji mzima, akatoka na suruali nyeupe ileile, imepigwa pasi. Bomu lilipobakiza sekunde chache alimshika mchumba wake akaanza kumuaga, na nakuambia, kwa muda ule ningechemsha chai, nikainywa, nikaosha kikombe, na bomu bado linasubiri. Wageni nao wamevuka anga lote hilo, wakashindwa na mlango wa mbao. Wanausukuma. Umeandikwa VUTA.

Mgeni wao mkubwa ndiye pekee aliyenipendeza. Alipogeuka nilijua kazi ya nani. Mgongo wake una vifungo vilivyozama kwenye sponji kwa mistari ya mshazari, sawasawa na makochi yote aliyoshona marehemu Baba. Kiumbe kutoka nyota ya mbali, amevaa mgongo wa kochi la watu watatu. Nikamgusa shemeji yako nikamwambia, ile kazi ya mdogo wangu. Akakoroma. Halafu kiumbe akatembea, akitanguliza bega la kulia, nikaona si kazi yako tu, ni wewe mwenyewe umo ndani. Mara ya mwisho uliniandikia kwamba kwenye filamu hiyo wewe unashona tu mavazi.

Kisha akaanguka kutoka juu ya chombo.

Hapo sikucheka. Aliangukia ubavu, mkono wa kulia ukabaki chini yake. Kamera ikasogea karibu, muziki ukanyamaza. Mkono wa kushoto ukatoka taratibu, ukagonga bati la chombo mara tatu. Ukatulia. Ukagonga tena mara tatu. Watu wakaanza kulia. Mtu mmoja nyuma yangu akasema, anaaga kwao.

Mimi nilimwona Baba amejilaza ndani ya fremu ya kochi, anapigilia mikanda kwa chini, na sisi wawili tumekaa juu kukandamiza springi. Hakuweza kusema kwa sababu mdomo wake ulikuwa umejaa misumari. Akibanwa anagonga mbao mara tatu, na sisi tunaruka kama tumekalia kaa la moto. Wanaojua kugonga kule ni watu watatu tu waliobaki, mimi, wewe na Mama.

Nina swali moja. Ulipogonga, nani alikutoa?

Mama hajaiona filamu. Anataka sana kuiona.

Dada yako.

*

Tarehe 9 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako imenifikia ikiwa imekunjamana kama iliyokaliwa, nadhani posta nao wameisoma. Nimefurahi kusikia Mama ameupenda mto. Mwambie mpwa wangu asione haya ya pengo, steringi wetu mwenyewe meno matatu ya mbele si yake. Shemeji mwambie paa la jikoni aanzie upande wa upepo, akianzia upande wa mlango atarudia kazi.

Umenichekesha mpaka majirani wakaja kuuliza. Mbuzi tulimwona sote siku walipotuonyesha picha kwa mara ya kwanza. Mwongozaji akasema mbuzi anaongeza fumbo. Swichi ya feni ilikuwa yangu, naidai mpaka leo. Tangi la nyuma lilirudishwa kwa mwenyewe, na sasa familia nzima inakunywa maji ya chombo cha angani na hawajui.

Utauliza niliingiaje ndani. Kosa langu mwenyewe, na ni kosa la nyumbani kwetu. Aliyechaguliwa kuwa mgeni alikuwa mchezaji wa mpira wa kikapu, mrefu kama nguzo. Kila Jumatatu aliahidi kuja kupimwa, na kila Jumatatu hakuja. Nikafanya kama alivyotufundisha Baba, mteja asipofika jipime mwenyewe, kazi isilale. Nikajipima, nikakata sponji, nikashona, nikasahau kwamba hilo si kochi. Siku ya kupiga picha jamaa akafika. Vazi likamwishia magotini, kichwa cha mgeni kikamkaa utosini kama kofia ya mtoto. Mwongozaji akauliza, "Nani anaenea humu?" Watu wote wakaniangalia. Nikageuka kumwangalia aliye nyuma yangu, hakukuwa na mtu. Wakanifunga zipu mgongoni, na tangu siku hiyo mimi ni mgeni.

Kuanguka kule ni uigizaji, Dada. Kila kitu kilipangwa.

Nimekuwekea humu kipande cha gazeti usome. Kuna msomi ameandika kurasa mbili nzima kuhusu kugonga kule. Anasema tatu za kwanza ni uhai na tatu za pili ni msamaha, na kwamba hatimaye filamu zetu zimepata lugha yake. Mwongozaji alipoulizwa na redio alisema aliota. Nikipita mtaani watu wananigongea ukuta. Muuza magazeti hanisalimii, ananigongea meza.

Habari kubwa ni kwamba kuna Sehemu ya Pili, na tunaanza Agosti. Itaitwa "Walioshuka na Moto: Wanagonga Tena." Safari hii mgeni ndiye mkubwa wa filamu. Steringi wa zamani atakufa mwanzoni kabisa, amenuna mpaka leo.

Mama msimpeleke ukumbini. Viti vyao ni vibaya, vitamuumiza magoti.

Uniwie radhi kwa mwandiko, meza yangu inayumba.

Mdogo wako.

*

Tarehe 20 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku wote wazima, na paa limerudiwa, alianzia upande wa mlango.

Meza ikiyumba, mwandiko hutetemeka. Wako haukutetemeka. Umelala, herufi zote zinaangalia kushoto, kama watu walioitwa na kelele. Mwaka jana tulikuwa na mwanafunzi aliyevunjika mkono wa kulia wiki ya mtihani, akaandika kwa wa kushoto. Karatasi zake zilipita mezani kwangu. Zilikuwa hivihivi.

Nilikuuliza nani alikutoa, ukanijibu habari za mbuzi. Nimesoma barua yako mara nyingi kuliko alivyoisoma yule wa posta, na kila nikifika kwenye kuanguka naona umeandika mistari miwili, kisha umekimbilia gazeti. Siku zote ndivyo ulivyo. Ulipokatwa na msumeno utotoni ulikuja kula na mkono mfukoni, ukasema huna njaa.

Jumatano nilipiga simu kwenye lile duka la jirani yako. Mwenye duka akaniambia fundi yupo, lakini karakana haifungui siku hizi. Nikamuuliza tangu lini. Akasema ana wateja, akakata.

Sitaki maelezo. Simama katikati ya chumba chako, unyanyue mkono wa kulia mpaka juu ya kichwa. Kisha uniandikie, unaweza au huwezi. Neno moja linatosha.

Kuhusu Mama, anauliza filamu kila siku. Majirani wamemwambia mwanao ni maarufu, anagonga mpaka watu wazima wanalia. Anauliza, anagonga nini? Nimemwambia mkanda umekatika, wamepeleka kutengeneza. Ananiangalia kama anavyomwangalia muuza nyanya aliyeweka zilizooza chini ya fungu. Nimemdanganya mama yangu kwa ajili yako, na sijui mpaka lini.

Dada yako.

*

Tarehe 27 Mei

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa na hasira, na barua mbili nilizoanza nilizichana. Huku mvua zimeisha. Chumba changu kina unyevu lakini kinakauka. Msalimie Mama na wote nyumbani.

Acha nikueleze mara moja, tusirudie tena.

Kamba yangu ilifungwa kwenye kulabu juu ya tangi. Kulabu ikang'oka. Nikaanguka, pumzi ikakata. Kichwa cha mgeni kina sponji pande zote isipokuwa penye masikio, nilikishona mimi, sauti haitoki nje hata upige yowe. Ndiyo nikagonga. Sikuchagua kugonga, mkono wenyewe uligonga. Nilimsikia mpiga picha akisema, "Tukate?" Mwongozaji akamwambia, "Usikate. Mwache aendelee." Alidhani naigiza. Nikagonga tena. Niligonga mpaka nikaacha, halafu nikasikia makofi. Walipiga makofi, Dada, kabla hawajafungua zipu.

Unajua walipofungua nilifanya nini? Nilicheka. Nikawauliza, mmeipenda?

Kwa hiyo swali lako limejibiwa. Walinitoa, wakishamaliza.

Sasa nisikilize na mimi. Ulikaa pale ukumbini ukahesabu matundu ya koki. Sawa, filamu ni takataka, hilo wala sibishi, mbuzi ameigiza kumshinda Profesa. Lakini mimi nimeshona makochi tangu nikiwa mtoto. Watu wanayakalia, wanayamwagia chai, watoto wanayachora kwa kalamu, siku yakichakaa yanatupwa nje. Sijawahi kuona mtu analia mbele ya kochi. Niliingia kwenye ukumbi wa huku nikakaa nyuma, nikaona wanaume wazima wanajifuta macho na kola za shati. Walikuwa wananililia mimi. Katika filamu nzima yenye uongo wa kila aina, pale ndipo penye kitu, na kitu chenyewe ni mimi. Usininyang'anye.

Tarehe 25 Juni tunatia saini. Safari hii mgeni ataanguka kutoka kwenye mnara, wameshauchora. Mwongozaji anasema dunia nzima itatazama. Alisema hivyohivyo ile ya kwanza, lakini sasa kidogo namwamini.

Mkono upo. Mkono ni mkono.

Na Mama asijue. Ukimwambia, usiniandikie tena.

Mdogo wako.

*

Tarehe 14 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wa shule wanafanya mtihani wiki hii, ofisi imetulia. Shemeji yako anakusalimu.

Mimi sikumwambia Mama. Hilo uliweke mbele ya yote utakayosoma humu.

Jumamosi nilitoka kazini mchana nikakuta nyumba imefungwa, funguo zimeachwa kwa fundi cherehani wa jirani. Mume wa fundi cherehani akaniambia wanawake wamekwenda sinema. Kumbe Mama amemuuliza jirani kama mkanda umetengenezwa, na jirani akamwambia, mkanda gani, haujawahi kukatika. Nilikwenda ukumbini nusu nikikimbia. Nilipoingia, Profesa alikuwa anaeleza kwa mara ya pili.

Mama alikuwa safu ya tatu, mkoba mapajani. Nisikufiche, alikuwa anafurahi kuliko watu wote ukumbini. Mbuzi alipopita alimpigia makofi. Steringi alipotoka kwenye moto na suruali yake, Mama alimuuliza jirani, kwa sauti, ni sabuni gani wanatumia wale. Safu nzima ilicheka. Nilikaa pembeni yake, akanipiga jicho moja, akarudisha macho mbele. Mgeni alipogeuka, Mama akawaambia waliokaa mbele yetu, "Ule mgongo wa mume wangu." Walimgeukia kumtazama. Alikuwa amejaa fahari.

Kisha ukaanguka.

Nilimshika mkono. Kulipokuwa kimya alikuwa bado anatabasamu kidogo, anasubiri uinuke. Mkono wako ukatoka, ukagonga. Mama alisimama. Wewe unajua anavyosimama, lazima ashike kitu, ajisukume, apumzike katikati. Hakushika kitu. Alisema kwa ile sauti yake ya karakana, wala hakupiga kelele, "Inukeni. Kabanwa."

Watu walikuwa wanalia, hawakumsikia. Ukagonga tena. Akawaambia wa mbele, "Mnalia nini? Mtoeni." Mtu akamwambia, kaa Mama, hii ni sinema tu. Akaanza kutoka. Alipita juu ya miguu ya watu, nami nyuma yake namwomba radhi kila mtu, akashuka ile njia ya katikati mpaka kwenye pazia lenyewe la kuonyeshea picha. Alipolifikia picha ilikuwa imebadilika. Alisimama pale, ameweka kiganja kwenye pazia, na uso wa steringi umemwangukia mgongoni, anamuaga mchumba wake. Hapo ndipo watu walipocheka. Ukumbi mzima, Sponji. Hata mimi ningekuwa mgeni pale ningecheka.

Nilimtoa nje. Jumatatu jioni nilikuwa nachambua mchele, akaja akakaa mbele yangu akauliza, "Walikuwa watu wangapi pale?"

Nikamwambia hawakujua, walidhani unaigiza.

"Sijauliza walidhani nini. Walikuwa wangapi?"

Nikaendelea kuchambua mchele. Halafu akasema nikuandikie maneno yake kama alivyoyasema, nisipunguze wala nisiongeze. Haya hapa:

"Watu wote walilia. Mwambie mimi sikulia."

Basi. Aliinuka akaenda kulala na jua halijazama.

Mimi nilikuwa na mengi ya kukujibu kuhusu barua yako. Nilikuwa nimeshayapanga, mojawapo lilikuwa kali sana. Nimeyaacha. Barua hii nampa dereva wa lori mkononi, ili ikufikie kabla ya tarehe 25. Baada ya hapo kama hutaki nikuandikie, sitakuandikia.

Dada yako.

*

Tarehe 4 Julai

Dada yangu,

Shikamoo. Mama mpe shikamoo yake peke yake, usiichanganye na yako.

Dereva alinikuta getini kwa watu wa filamu, asubuhi ya tarehe 25 yenyewe, maana gari lilimharibikia njiani siku tatu. Niliisoma nimesimama. Nikaikunja, nikaingia ndani. Nataka ujue kwamba niliingia nikiwa na nia ya kutia saini. Maneno ya Mama nilikuwa nimeshayaweka mfukoni, nikajiambia nitayafikiria nikitoka.

Walikuwa wanne mezani, mwongozaji, mpiga picha, yule aliyechora mnara na mwanamke wa mikataba. Wananipenda, Dada. Waliagiza chai, wakanivutia kiti. Mwongozaji akasema, kabla hatujaandika, hebu fundi tugongee kidogo, huyu wa mnara hajawahi kukuona ana kwa ana. Nikagonga meza.

Wakatazamana. Mwongozaji akasema, "Siyo hivyo." Nikarudia. Akasema, "Ile ya kwanza ilikuwa na kitu. Hii ni ya mtu anayebisha hodi." Wakaanza kujadili. Mmoja akasema labda ni meza, mbao haina sauti ya bati. Wakaleta bati. Mwingine akasema labda ni kwa sababu sijavaa. Wakaleta vazi, wakaniingiza, wakanifunga zipu, wakanilaza juu ya bati sakafuni. Nikagonga mara nyingi, haraka, polepole, kwa ngumi, kwa vidole. Nilisikia kikombe kinawekwa kwenye sahani.

Mwongozaji akaniinamia, akanipapasa bega. Nina hakika alikuwa ananifariji. Akasema, "Usijali fundi, ukianguka utakumbuka." Na yule wa mnara akasema, "Tuongeze mita mbili."

Hawakusema kwa ubaya. Walisema kama mimi ninavyomwambia mteja tutaongeza sponji kwenye kikalio.

Nikawaambia wanifungulie. Nilisema kwa mdomo. Hawakusikia, walikuwa wameshahamia kwenye mchoro, wanabishana ngazi ikae upande gani. Nikarudia kwa sauti kubwa, ikanirudia masikioni. Bati lilikuwa chini ya mkono wangu. Sikuligonga. Nililala pale nikasubiri mtu akumbuke, na aliyekumbuka ni mwanamke wa mikataba, alipotaka kalamu yake niliyokuwa nimeshika kabla ya kuvaa.

Nilipotoka nilikunywa chai yangu, ilikuwa imepoa. Nikawaambia sitaingia tena. Mwongozaji akadhani nataka jina langu liandikwe kubwa zaidi, akakubali papo hapo, ikabidi nimweleze tena. Sasa wanatafuta mwingine wa kimo changu. Nikawaambia kabla hajaingia, zipu ihamie mbele na kishikio chake cha kuvutia kikae ndani, na pawe na mtu mmoja ambaye kazi yake ni kuuliza tu kama yuko salama. Mwongozaji ameandika. Sijui kama atafanya. Nitamwandikia tena kumkumbusha.

Kuhusu swali lako la Aprili, jibu ni siwezi. Mkono hauvuki bega. Vidole viwili havisikii sindano, naweza kujichoma nisijue mpaka nione damu kwenye kitambaa. Daktari aliniambia nirudi baada ya wiki mbili, sikurudi, kwa sababu nilijua ataniambia nisishone tena. Karakana niliifunga Novemba ileile niliyoanguka. Kile kitambaa cha Mama kilikuwa cha mteja wa mwisho, alikiacha. Unaona kwa nini nilikufokea vile. Kushona kulikuwa kumekwisha, na kuanguka ndiko nilikokuwa nimebaki nako.

Sikukuambia kwa sababu ningekuambia wewe ungekuja, na Mama angekuja, na mngenikuta nimekaa bila kazi.

Ijumaa ya wiki ijayo napanda basi la asubuhi, nitafika kwenu kabla ya saa kumi. Nina sanduku la vifaa vya Baba na cherehani. Wapakiaji wa huku watanipandishia. Huko kushusha siwezi peke yangu. Mje stendi, wewe na shemeji, mnisaidie.

Mdogo wako.